Esansi ya Kuwashia Televisheni

Kuna wazo lililoshika mizizi Bujumbura, nalo linapendwa na mafundi, wauza vifaa vya gari na wenye magari wote kwa pamoja. Wazo likipendwa na muuzaji, mfungaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, hapabaki mtu wa kulipigia hesabu. Linasema hivi: gari lako ni jenereta. Umeshalilipia, limeegeshwa uani, lina betri, lina injini. Kilichobaki ni kununua inverta, kuifunga kwenye buti pamoja na soketi ya nyumbani, na jioni umeme wa REGIDESO, kampuni ya maji na umeme, ukikatika unavuta waya mmoja hadi sebuleni. Televisheni inawaka, watoto wanasoma, simu zinajaa. “Mzee, ukiweka hii, REGIDESO utaisahau.” Kwa maneno ya namna hiyo biashara inafungwa.

Makala haya hayana ugomvi na inverta. Ni kifaa kizuri: kinachukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa volti 220 ambazo taa, redio na kompyuta za nyumbani zinazijua. Ugomvi ni juu ya mahali kinapofungwa na kazi kinayopewa. Kwa mji huu, na kwa miaka hii, buti la gari ni mahali pabaya kuliko pote pa kutafutia umeme wa nyumba.

Wazo lenyewe halikuzuka hewani, na anayelipinga lazima alitendee haki. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye umeme haba zaidi duniani. Ni karibu mtu mmoja kati ya kila kumi anayeupata. Bwawa la Rwegura, lenye megawati 18, linabeba mzigo tangu 1986. Ruzizi II, ambalo Burundi inagawana na Rwanda na Kongo, lilianza 1989. Rusumo la megawati 80 ni jipya, lakini nalo linagawanywa sehemu tatu, kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Kwa hiyo hata aliyebahatika kuwa na mita ya Cashpower, ya kulipia kabla, ukutani, na aliyeijaza vizuri, anajua kwamba vizio vilivyomo ndani ya mita ni jambo moja na umeme kufika ni jambo jingine. Familia ya mtaa wa Ngagara au Musaga inayokaa gizani tangu saa moja jioni, huku gari limesimama hatua kumi tu kutoka mlangoni, haihitaji kushawishiwa sana.

Tena gari limesimama kweli. Hapo ndipo kichekesho kinapoanza, maana limesimama kwa sababu halina esansi.

Uhaba wa mafuta Burundi umekuwa wa miaka, si wa wiki. Chanzo chake kikubwa kinajulikana: nchi haina fedha za kigeni za kutosha kuagizia mafuta. Kwa muda fulani hata REGIDESO yenyewe ilipewa kazi ya kuagiza mafuta, kabla ya kazi hiyo kuhamishiwa SOPEBU, kampuni ya serikali iliyoundwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2024 watu wa Bujumbura walikuwa wakivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, upande wa Kongo, kutafuta lita chache, na waliobaki mjini walinunua kwenye bidoni kwa bei ya siri. Madereva wa teksi walilala kwenye foleni za vituo. Sasa mtu aliyepata bidoni yake kwa taabu hiyo anaambiwa aimwage ndani ya injini ili televisheni iwake. Huko ni kuacha upungufu mmoja na kukimbilia mwingine ulio mkali zaidi, kwani umeme wa Rwegura angalau hauletwi kwa dola.

Wanaotetea wazo hili hujibu haraka: si lazima kuwasha injini, betri inatosha. Basi tuanze na betri.

Jioni ya kawaida ya nyumba isiyo na makuu ina taa nne za LED za wati tisa tisa, televisheni bapa ya inchi 32 inayokula wati kama 50, kifaa cha intaneti wati 10, na simu mbili au tatu kwenye chaji. Jumla yake ni wati 120 hivi. Inverta nayo inapoteza kidogo kazini, kwa hiyo inachovuta kutoka kwenye betri ni zaidi ya ampea-saa 11 kwa kila saa. Betri ya Toyota Probox au Vitz ina ampea-saa 35 hadi 45 ikiwa mpya. Kwa saa mbili nusu yake imekwenda. Na betri za mji huu mara nyingi si mpya: joto la ukingo wa Tanganyika huzila haraka, na nyingi zilikuja na gari lenyewe kutoka Japani au Dubai.

Kufika nusu si salama kama inavyodhaniwa. Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja, ya kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili starta izungushe injini, kisha irudishiwe mara moja kilichotoka. Kwa ajili hiyo sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi. Ukiikamua polepole hadi chini, usiku baada ya usiku, salfeti inaganda juu ya sahani hizo na uwezo unapungua bila kurudi. Betri ambayo ingeishi miaka mitatu haimalizi hata mwaka. Mafundi wenyewe wanalijua hili. Ni hao hao wanaoitwa asubuhi kuja kubusti gari lililogoma kuwaka, na hakuna aliyesikika akikataa kazi hiyo.

Inverta nyingi zina king’ora kinacholia volti zikishuka, na hujizima zenyewe zikifika karibu 10.5. Wauzaji hukitaja king’ora hicho kana kwamba ni dawa. Lakini kwa betri ya kuwashia gari, volti 10.5 ni tupu kabisa. Inverta imejilinda yenyewe, wala haikukusudiwa kulinda starta yako.

Kwa hiyo injini inawashwa. Hapa ndipo hesabu inapochekesha zaidi.

Alteneta ya gari dogo imeandikwa ampea 70, wakati mwingine 80 au 100. Muuzaji anazidisha ampea hizo kwa volti 14 na kukuahidi wati elfu moja. Hakuambii kwamba namba iliyoandikwa hupatikana injini ikizunguka kwa kasi ya barabarani. Gari likinguruma papo hapo bila kukanyagwa, alteneta hutoa nusu ya namba hiyo au chini yake, na kutoka hapo gari lenyewe linachukua fungu lake kwanza: pampu ya mafuta, kompyuta ya injini, plagi, feni ya rejeta inapowaka. Kinachobaki kwa ajili ya sebule ni wati 150 hadi 250, na alteneta inachemka, maana feni yake ya kujipoza nayo inazunguka polepole. Wapo wanaoshauri kukandamiza pedali kwa jiwe ili injini izunguke zaidi. Itazunguka, ndiyo, na esansi itakwenda kwa mwendo huo huo.

Injini ya lita 1.5 ikinguruma bila kazi hunywa takriban lita 0.7 kwa saa. Jioni ya saa nne ni karibu lita tatu. Kwa lita tatu Probox ingekwenda Gatumba na kurudi, na kitu kingebaki kwenye tangi. Na lita hizo tatu zimeleta nini sebuleni? Wati 120 kwa saa nne, yaani chini kidogo ya nusu ya kizio kimoja cha umeme (kilowati-saa), kile kile ambacho mita ya Cashpower inakihesabu. Ilhali lita moja ya esansi ina nishati ya karibu vizio tisa. Umechoma zaidi ya vizio 25 ili upate nusu kizio. Sehemu 49 kati ya 50, au zaidi, zimekuwa moshi, joto na kelele kwa jirani.

Hata jenereta ndogo ya esansi, ile ya saluni inayopiga kelele kando ya barabara mtaani Bwiza, inafanya vizuri mara kadhaa kuliko hivyo. Ikipewa mzigo unaoitosha, hutoa kizio kimoja na nusu au zaidi kwa lita. Sababu ni nyepesi: injini yake ni ndogo na imetengenezwa kuzungusha umeme tu. Injini ya Probox imetengenezwa kusukuma tani moja ya chuma kupanda milima ya Bugarama, kwa hiyo kuilisha televisheni ni kumkodi mbeba mizigo wa bandarini abebe bahasha. Ukiamua kuchoma esansi, basi nunua jenereta. Kinyozi amelielewa jambo hili mapema kuliko mwenye gari.

Bidoni ya lita 20, kwa mwendo huo, ni usiku saba. Halafu usiku wa nane mtoto anaumwa, teksi hazipo kwa sababu nazo zimekosa mafuta, na gari la nyumbani lina tangi kavu na betri iliyolegea. Watetezi wa wazo hili hawapendi mfano huo. Husema ni kutisha watu. Lakini katika mji ambao kwa miezi mingi kupata usafiri wa usiku kumekuwa bahati, mtu anayelinda robo tangi ya akiba hajipi hofu ya bure.

Linakuja jibu la pili, na hili lina heshima zaidi: mbona Wajapani wanafanya? Wanafanya kweli. Toyota Estima ya haibridi ilitoka mwaka 2001 ikiwa na soketi ya wati 1,500 kutoka kiwandani. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, magari hayo yalitoa umeme kwenye maeneo yaliyokuwa gizani, na Toyota ikapeleka soketi hiyo kwenye magari mengine. Mwaka 2012 Nissan ilianza kuuza mtambo wa kuunganisha gari la umeme la Leaf na nyumba. Huko Marekani, baridi kali ilipoangusha gridi ya Texas Februari 2021, Ford iliwaomba mawakala wake wawaazime watu pikapu za F-150 zenye jenereta ya ndani.

Mifano hiyo ni ya kweli, na inathibitisha kinyume cha inachotolewa kuthibitisha. Estima na F-150 za aina hiyo ni haibridi: zina betri kubwa ya volti nyingi na mota inayofua umeme kwa ufanisi, na injini huwaka pale tu betri inapohitaji, kisha huzima. Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya vizio 24, ambayo ingewasha jioni yetu ya nusu kizio zaidi ya mwezi mzima bila tone la mafuta. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotegemea betri ya volti 12 ya kuwashia gari. Kulinganisha Vitz ya 2004 yenye inverta ya dukani na Estima ya haibridi ni kutazama soketi na kusahau kilicho nyuma yake.

Kwa wachache ambao Estima hiyo imewafikia kwa mnada wa Japani, ikiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, kuna jambo la kuangalia. Soketi ile ni ya volti 100 na matundu yake ni bapa. Televisheni ya Bujumbura ni ya volti 220, na plagi yake ni ya pini mbili za mviringo, mtindo wa Ubelgiji na Ufaransa.

Yako mambo ya hatari ambayo mauzo ya inverta huyaruka. Inverta ya wati elfu moja ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta zaidi ya ampea 90 kutoka kwenye betri. Mkondo huo unataka kebo ya milimita za mraba 25 au 35, fupi, yenye fyuzi karibu kabisa na betri. Kinachoonekana kwenye magari mengi ni waya wa spika uliopitishwa chini ya zulia hadi kwenye buti, bila fyuzi. Tundu la kiberiti cha sigara lina fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Kwa hiyo inverta ya wati 500 inayochomekwa hapo haiwezi kutoa wati 500 kamwe, na anayebadilisha fyuzi ili aweke kubwa zaidi anahamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya ulio nyuma ya dashibodi.

Moshi nao. Nyumba nyingi za Bujumbura zina uzio na geti, gari linalala karibu na madirisha, na wakati wa mvua watu huliingiza chini ya paa. Injini ikinguruma saa nne mahali pasipo na hewa, kaboni monoksidi inaingia ndani bila harufu. Lililo baya kuliko yote ni ule ujanja wa waya wenye plagi kila upande, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Kama swichi kuu haikuzimwa, umeme unatoka nje kupitia mita, na fundi wa REGIDESO aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa ndiye anayeupokea. Kisha umeme wa mji ukirudi, inverta inaungua.

Kuhusu friji, maneno machache yanatosha. Kompresa ya friji inayokula wati 120 inahitaji mara tano au zaidi ya hapo kwa kitambo inapoanza, na inverta za bei ya chini zenye wimbi la mraba huifanya ingurume na kuchemka. Pasi na jiko la umeme hazifai hata kutajwa.

Je, inverta ya gari haina kazi yoyote basi? Inayo, na ni kazi nzuri. Mpiga video wa harusi anayetoka Bujumbura kwenda Ngozi ana saa za barabarani za kuchaji betri za kamera. Gari la mradi wa afya linalozunguka vijijini linaweza kulisha kompyuta ya wati 65 njia nzima. Mwandishi wa habari atamaliza kuhariri kabla ya kufika Gitega. Katika mifano yote hiyo injini inazunguka kwa kazi nyingine, alteneta inatoa ampea zake za kweli, na wati mia moja hivi haziongezi matumizi ya mafuta kwa kiasi ambacho dereva angekiona. Inverta ya wati 150, fyuzi sahihi, na kuichomoa gari likizimwa: hapo hakuna wa kupinga.

Kwa nyumba, inverta ile ile iondolewe kwenye buti na kuwekwa ndani, na ipewe betri yake. Betri ya ampea-saa 100 iliyotengenezwa kukamuliwa polepole, ile inayotumika kwenye sola, hutoa vizio 0.6 ukiishia nusu. Jioni yetu nzima inaingia humo. Ya lithiamu hutoa karibu mara mbili na kudumu maelfu ya mizunguko. Nani ataichaji? REGIDESO yenyewe. Watu husahau kwamba mgawo wa umeme una nyakati ambazo umeme upo, hata kama ni usiku wa manane, na chaja iliyounganishwa haichoki kuungoja. Palipo na uwezo, paneli ya wati 200 juu ya bati inaongeza nusu kizio au zaidi kwa siku ya jua la kawaida, pungufu wakati wa masika. Jua la nchi hii limeshathibitishwa kwa ukubwa: kituo cha Mubuga, mkoani Gitega, kinaingiza megawati 7.5 kwenye gridi tangu 2021.

Jibu la mwisho la watetezi ni pesa. Betri ya sola ni ghali, nayo inaagizwa kwa dola kama esansi. Gari tayari lipo. Ni hoja ya kweli nusu. Betri na paneli zinaagizwa mara moja na kufanya kazi kwa miaka, wakati bidoni inaagizwa upya kila wiki. Na gari halitoi umeme bure: linaulipia kwa betri ya kuwashia inayokufa kabla ya wakati wake, alteneta inayoungua, na lita ambazo zingempeleka mwenye nyumba kazini. Asiyeweza kununua betri ya ampea-saa 100 anaweza kuanza na ya 40 kwa taa na simu tu, televisheni isubiri. Taa nne za LED zinakula wati 36. Betri hiyo ndogo inaziwasha karibu saa sita bila kupita nusu.

Husemwa pia kwamba mafundi wa mtaa wa Buyenzi wataikosa riziki wateja wakiacha kufunga inverta kwenye magari. Mafundi hao wanajua kukata kebo kwa kipimo, kubana vichwa vya waya, kuweka fyuzi na kusoma volti za betri, na kazi hizo zote zinahitajika sebuleni kama zinavyohitajika chini ya boneti. Wauzaji wa inverta kando ya soko la Siyoni nao hawapotezi kitu, kwa kuwa anayekuja kuulizia ya buti anaweza kuuziwa betri ya sola, chaja na swichi ya kutenganisha nyumba na gridi. Faida ya vitu hivyo vitatu kwa muuzaji ni kubwa kuliko ya inverta peke yake, na mteja huyo hatarudi asubuhi kutafuta mtu wa kubusti gari lake.